Mwaka Tuliofundishana Majengo

Baada ya kumzika Muriithi, mimi na Kawira tulikataa kuketi kwenye hema la wageni wa heshima. Tulichukua sahani zetu za pilau na viazi tukaenda kukaa nyuma ya jikoni, kwenye benchi lililoegemea ukuta, karibu na akina mama wa kanisa waliokuwa wakisugua sufuria. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mistari ya chai na Kerugoya yote ilikuwa kimya. Kawira sasa anatembea kwa mkongojo, na kwa kuwa sikio lake moja limekufa, huzungumza kama mtu anayemwita aliye ng'ambo ya mto. Kijana mmoja, daktari aliyefanya kazi chini ya Muriithi hadi mwisho, alikuja kutusalimia, akauliza tulimjulia wapi marehemu. "Majengo, Nyeri!" Kawira akapaza sauti. "Kwenye mapafu ya mbuzi!" Akina mama wote wakageuka. Kijana alicheka kwa adabu, kama wanavyocheka vijana wakidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa, akaomba radhi akaenda. Nilimtazama akiondoka na koti lake la mvua, nikaona kwamba tukifa sisi wawili hakutakuwa na mtu wa kumweleza kuwa Kawira alikuwa na akili zake timamu siku ile.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa udaktari kule Nairobi, au niseme mwaka wa kwanza ulikuwa umenimaliza. Nilikuwa nimeanguka anatomia, somo la viungo vya mwili, na jina langu lilikuwa limebandikwa ukutani pamoja na wale waliotakiwa kufanya mtihani wa marudio, tuliouita sapu. Siku chache baadaye wanafunzi waligoma, polisi wakaingia, na tukaambiwa tufunge masanduku twende makwetu hadi tutakapoitwa. Wenzangu walilia pale kituoni. Mimi nilifurahi. Chuo kikifungwa, hakuna anayekuuliza umepita au umeanguka. Sote tulikuwa tumefukuzwa sawasawa. Nilifika Naro Moru nikiwa nimekwisha kuamua moyoni kwamba sitarudi. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi aliposikia niko nyumbani alinitumia salamu kwamba darasa la tatu halina mwalimu na muhula unakaribia, nikamjibu kuwa nitalichukua. Sikumwambia mtu yeyote sababu. Watu walinisifu kwamba nimekataa kukaa bure.

Nilishuka Nyeri kununua viatu vya kufundishia. Nilipopita penye bucha, nikamwona kijana mrefu mwembamba amesimama mlangoni, ameshika koo la mbuzi juu kama mtu aliyeshika taa, na chini yake mapafu, moyo na maini vinaning'inia, damu inadondokea magazeti. "Wewe!" akaniita. "Si wewe ni wa mwaka wa kwanza? Ule msichana huketi nyuma kabisa karibu na dirisha?" Nilitamani ardhi inimeze. Alikuwa Muriithi, wa mwaka wa nne. Nilikuwa nimemwona mara kadhaa akipita kwenye ukumbi wetu wa kupasulia maiti, akiwasaidia wanafunzi wa chini bila kuombwa. Hakuniuliza habari ya nyumbani wala ya mgomo. Alinielekezea lile koo akasema, "Ati hii tunaita nini?" Nikamjibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini. "Na hizi pete zake, zimefunga pande zote ama ziko na mwanya?" Sikujua. Aliingiza kidole nyuma ya koo la yule mbuzi akanionyesha mahali ambapo gegedu linakoma na nyama laini inaanza. "Iko na mwanya nyuma. Kwa nini?" Sikujua hilo pia. "Hata mimi sikujua mwaka wa kwanza," akasema. "Ni ndio chakula ipite nyuma yake bila kukwama. Kuja tupike."

Chumba chake kilikuwa Majengo, chini kidogo ya msikiti, katika nyumba ndefu ya mbao na mabati iliyogawanywa vyumba vya kupangisha. Kawira anashikilia kwamba kuta zilikuwa za buluu. Mimi naziona za kijani hadi leo, na pale Kerugoya tuligombana juu ya jambo hilo tena. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali ili vitabu na makaa vikae chini yake. Kulikuwa na meza moja, na juu yake, siku ile ya kwanza, Kawira akikata vitunguu. Alikuwa msichana wa Chuka, wa mwaka wa tatu, na wakati ule alikaa kwa dada yake, nesi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali. Alinitazama, akautazama ule mzigo wa nyama, akafuta mkono kwenye kanga akanisalimu. Kisha akasogeza vitunguu kando, akatandaza gazeti, na kabla ya kupika chochote tukaupasua ule moyo. Muriithi alikata kwa wembe, taratibu, na Kawira akamimina maji kwa kikombe juu ya vile vijimlango vyeupe vilivyo ndani, vinavyoshikwa na nyuzi nyembamba kama za mwavuli, ili nione vinavyojifunga maji yanapotaka kurudi. Nilikuwa nimesoma ukurasa ule Nairobi hadi ukachakaa. Sikuwa nimewahi kuuona mlango ule ukifunga. Baadaye tuliukaanga moyo wenyewe na vitunguu na nyanya, tukaula kwa ugali.

Nilikuwa nimekuja kwa siku moja. Nilikaa wiki hiyo, kisha nikawa napanda Naro Moru na kushuka tena, nikilala kwenye godoro kwa dada yake Kawira. Tulikuwa na desturi: asubuhi mmoja anafundisha, wawili wanauliza. Muriithi alichora mishipa kwa makaa juu ya ubao wa boksi. Kawira alitufundisha figo kwa figo, maini kwa maini, kadiri bucha lilivyobakiza. Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa mbao tupu, na jirani huyo alikuwa Mama Zainabu, aliyepika mahamri na kuyauzia kibarazani. Kila tulichosema alikisikia, na kila alichosema tulikisikia. Siku moja mteja alimuuliza hawa watoto wanasema nini kila siku na damu za wanyama. "Usiogope, si wachawi," Mama Zainabu akamjibu. "Wanasomea udaktari. Juzi walikuwa kwenye figo, leo wamefika mapafuni. Wakimmaliza mbuzi nadhani watahamia ng'ombe." Alituletea mahamri yaliyoungua kidogo, ambayo hayakufaa kuuzwa, na alicheka tulipomshukuru. "Kiswahili chenu kina mawe, wanangu. Kama mchele wa Mwea ambao haujachaguliwa."

Nikikumbuka sasa, naona kwamba kilichonifungua zaidi ya viungo vya mbuzi ni mazungumzo yaliyofuata chakula. Kawira alikuwa ameanza masomo Kampala kabla ya kuhamia Nairobi, na alipokuwa akipuliza chai yake alitueleza jinsi walivyosoma kule. Kila mwanafunzi mpya alikabidhiwa mkubwa wake wa mwaka wa juu. "Wangu alikuwa anaitwa Nakato," akasema. "Siku ya kwanza alinikalisha chini, akaniambia makosa yake yote. Hakuanza na vile anajua. Alianza na vile aliharibu. Ati alikata neva akidhani ni mafuta, ati alitapika kwa begi ya mwenzake. Nilicheka mpaka uoga ukaisha." Halafu wanajeshi wakashika nchi na walimu wakaanza kupungua. Leo huyu amepanda ndege kurudi kwao Ulaya, kesho yule hajaonekana na hakuna aliyethubutu kuuliza. Asubuhi moja waliingia darasani, ubao ni safi, mwalimu hayuko, na wakajua hatakuja. "Tulikaa tu. Halafu Nakato akaingia, akasema, nani hapa anajua ini? Mtu mmoja akainua mkono. Akampatia chaki. Tulimaliza mwaka hivyo, kila mtu na ile kidogo anajua." Nikamuuliza Nakato yuko wapi. Kawira aliitazama chai yake. "Sijui. Nimeuliza kila mtu anavuka mpaka." Upande wa pili wa ukuta Mama Zainabu alikuwa ameacha kukanda unga.

Muhula wa shule ulipokaribia ilinibidi niwaambie. Nilisema nikiwa nimeinamia sufuria ya githeri, nikichambua mahindi ambayo hayakuhitaji kuchambuliwa: kwamba nimepewa darasa la tatu, kwamba wiki ijayo sitashuka, kwamba nawashukuru. Muriithi akauliza, "Na sapu?" Nikasema sitaifanya. Nikasema kuna watu wameumbiwa udaktari na kuna wengine ambao wameingia kwa bahati, na mimi najijua. Nilitarajia anikemee. Badala yake alivuta kigoda akaketi mbele yangu. "Atiriri, sikiliza, Wangeci. Mimi nilirudia mwaka wa pili," akasema. "Ulijua hiyo?" Sikujua. Mtu aliyekuwa akifundisha watu bila kitabu, sikudhani amewahi kuanguka. Alinieleza jinsi kijiji chao kilivyomsindikiza kwa nyimbo hadi barabarani alipokwenda chuo, na jinsi alivyoanguka na kushindwa kuwaambia. Alilala sakafuni kwa rafiki, na kwa wiki nyingi aliingia madarasa ya mwaka wa tatu kama kwamba yu mmoja wao, akiandika, akiitikia, hadi siku ambayo mwalimu alimnyooshea kidole kumuuliza swali na akatoka nje asirudi. "Nilienda kukaa kwa ngazi. Kijana mmoja wa mwaka wa tano akanipata hapo. Hakunihurumia. Aliniambia, kila kitu umesoma leo, tafuta mtu umweleze. Ukishindwa kueleza, bado hujajua. Ukiweza, hakuna mtu anaweza kukunyang'anya. Tangu hiyo siku sijawahi soma nikiwa nimefunga mdomo."

"Na mimi," Kawira akasema kutoka kitandani, "Nairobi nililia kila Jumatano. Jumatano ilikuwa ya hadubini. Kila mtu alikuwa anaona seli, mimi naona kope zangu tu." Nilicheka, na kumbe nilikuwa nalia pia. Nikawaambia nilidhani ni mimi peke yangu. "Kila mtu hudhani ni yeye peke yake," Kawira akasema. "Ndio maana kila mtu hunyamaza." Lakini sitaki kuipamba habari hii. Maneno yao yaliniingia, ila hayakunibadilisha siku ile. Nilipanda Naro Moru jioni na nia yangu ya kufundisha ikiwa palepale, na nilirudi Nyeri siku mbili baadaye kwa sababu tu nilikuwa nimeacha sweta langu.

Nilimkuta Mama Zainabu mlangoni mwa Muriithi, amejifunga mtandio vibaya. Mumewe, Mzee Salim, alikuwa fundi wa kushona mwenye cherehani yake kwenye baraza la msikiti, na kwa wiki kadhaa tulikuwa tukimsikia akikohoa nyuma ya ukuta huku tukidhani ni baridi ya Julai, kama alivyodhani yeye mwenyewe. Siku hiyo hakuwa ameweza kuvaa viatu. Aliketi kwenye kiti, ameshika magoti, akivuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Muriithi alipiga magoti, akabonyeza mguu wake kwa kidole gumba, na shimo likabaki. Akasikiliza kifua, mbele na nyuma, kisha akavua kile chombo cha kusikilizia akanipa mimi. Sikuomba. Nilikiweka chini ya titi la kushoto, kama alivyonielekeza, nikasikia mapigo, na baada ya kila pigo upepo, fyuu, kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Nikaona kikombe cha Kawira kinamimina maji, na kijimlango kimoja hakifungi.

"Twende hospitali, mzee," Muriithi akasema. "Sisi bado si madaktari. Kazi yetu ni kukufikisha."

"Siendi," Mzee Salim akasema. "Hospitali aliingia ndugu yangu kwa miguu, akatoka amebebwa."

Muriithi alieleza, kisha Kawira akaeleza, wakichanganya Kiswahili na maneno ya kitabu, na kadiri walivyoeleza ndivyo mzee alivyozidi kushika kiti. Sijui ni nini kilichonifanya nichutame pale. Nikamwambia kuwa moyo ni kama nyumba yenye vyumba, na kila chumba kina mlango unaofunguka upande mmoja tu. Damu ikishapita, mlango unafunga ili isirudi. Wake mmoja umelegea. Kila moyo unaposukuma, damu nyingine inarudi nyuma, na nyuma yake ni mapafu, basi mapafu yanalowa, na ndiyo maana anashindwa kulala chali. Maji mengine yanashuka miguuni. Si baridi, na wala hakurogwa. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akauliza swali la fundi: "Na mlango huo, hushonwa?"

"Hapa bado, mzee. Lakini kuna dawa ya kutoa maji na dawa ya kuutia moyo nguvu. Ukienda leo utalala chali."

Akamtazama mkewe. "Huyu nimemwelewa," akasema. "Nipe kofia yangu."

Kijana mmoja wa sokoni mwenye pikapu alishusha kabichi zake kibarazani, tukampandisha mzee mbele, sisi tukaketi nyuma na Mama Zainabu akiwa ameshika ukingo wa gari kwa mikono miwili, tukapanda hospitali ya mkoa. Walimlaza siku hiyohiyo. Tuliporudi chumbani tulikuwa na njaa, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupika, tukala mahamri ya jana kwa chai ya rangi. Muriithi akaniuliza nani alinifundisha kueleza vile. Nikasema, "Si ninyi?" Akatikisa kichwa. "Sisi tulikufundisha kwa Kiingereza. Ile ya milango umeifanya mwenyewe." Nilikuwa nimegundua jambo, na niliogopa kulisema lisije likapotea: kwamba nilikuwa najua moyo. Sikuwa nimeukariri. Nilikuwa naujua, na hakuna mtu angeweza kuninyang'anya.

Mzee Salim alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, suruali ikimpwaya. Aliishi miaka mingine kadhaa, akishona. Lakini mimi sikungoja hilo. Siku iliyofuata nilipanda Naro Moru, nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, nikamkuta akipalilia kabichi za shule. Nilimwambia kila kitu: kuanguka, sapu, na kwamba darasa la tatu sitalichukua. Aliegemea jembe akanitazama. "Sasa hiyo ndio ilikuwa inakusumbua? Mimi nilidhani uko na mimba." Kisha akacheka hadi akafuta macho. "Enda. Nitapata mwingine. Na ukianguka tena, hii shule iko hapa, haiendi mahali."

Redio ilipotangaza kuwa chuo kinafunguliwa, Mzee Salim aliomba nimletee koti langu jeupe la maabara. Makoti yale yalikatwa kwa kipimo cha wanaume, na mwaka mzima nilikuwa nikikunja mikono yake ikishuka kwenye dawa za maiti. Aliligeuza mara moja akaguna. "Huyu aliyeshona hakudhani utakuja," akasema, akaikata mikono, akapunguza mabega. Kawira aliposikia hayo alileta la kwake pia.

Mtihani wa sapu ulikuwa wa mdomo, mbele ya watu wawili. Ningependa kusema waliniuliza moyo. Waliniuliza goti. Nilijua nusu yake. Waliponisukuma kwenye ile nusu nyingine, nilikumbuka Kawira alivyonionya: usibabaike, sema hujui, kisha sema unachojua. Nikasema, "Hilo silijui. Ninachojua ni hiki," nikaanza kuwaeleza nikitumia mguu wangu mwenyewe, nikiukunja na kuunyoosha pale mezani. Mmoja wao aliandika kitu bila kuinua uso. Matokeo yalipobandikwa nikaona nimepita, nilipiga ukelele, na Muriithi, ambaye alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu bila kuniambia, alinipiga mgongoni kwa kiganja kizima kama dereva anayeruhusu lori liondoke. Kisha akaenda zake kwenye wodi. Mtu yule hakuwa na maneno mengi ya kupongeza.

Hayo ndiyo niliyotaka yule kijana wa Kerugoya ayajue. Muriithi alirudi kwao akafanya kazi huko maisha yake yote, na waliofundishwa naye wamejaa Kirinyaga hadi Embu. Kawira alikuwa wa kwanza kati yetu kuwa daktari bingwa. Mimi nilizunguka, Nanyuki, Karatina, na mwisho Nyeri. Lakini mwaka ule, kwangu, haukuishia kwenye ubao wa matokeo. Uliishia muhula uliofuata, alasiri moja, wanafunzi wapya walipoletwa kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa kupasulia. Nilikuwa napita koridoni na koti langu lililokatwa. Nje ya mlango, kwenye sakafu, alikuwa ameketi mvulana wa Embu aliyeitwa Njeru, uso wa kijivu, amejifuta mdomo kwa tai. Aliponiona alijaribu kusimama. Nikaketi kando yake.

"Mimi nilianguka anatomia," nikamwambia. "Jina langu lilikuwa pale ukutani, kila mtu akaliona. Na siku ya kwanza, kabla hata hawajafunua shuka, nilizirai nikaangukia ndoo."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mzaha usoni pangu.

"Halafu ukafanya nini?"

"Nikafundishwa na watu wawili na mbuzi mmoja," nikasema. "Inuka. Nitakueleza tukiwa ndani."

Akainuka.